Ziwa Lilipokuwa Kiwanja cha Eropleni

Wasomaji wa Matongo, mtu akitaja kiwanja cha eropleni, bila shaka mwafikiri uwanda uliosawazishwa na njia ndefu ya lami. Lakini safari za kwanza za kawaida zilizounganisha Ziwa Victoria na London kwa njia ya hewani hazikungoja lami. Kiwanja chake kilikuwa ni maji yenyewe, maji yale yale yanayopokea Mto wetu wa Mara.

Zamani barua ya Ulaya ilikuja kwa meli hata Mombasa, ikapanda gari la moshi mpaka Kisumu, ambako reli ilifika mwaka 1901, kisha ikavushwa ziwani. Mwanza ilipata reli yake ya kutoka Tabora mwaka 1928. Kwa njia hizo barua ilikaa safarini majuma kadhaa.

Basi tarehe 28 Februari 1931, kampuni ya Kiingereza iitwayo Imperial Airways ilianza safari ya kila juma kutoka Croydon, karibu na London, na mwisho wake ulikuwa Mwanza. Njia ilikuwa zaidi ya maili 5,000, ikapita Misri na Khartoum, ikaufuata Mto Nile hata Kisumu. Barua ikafika kwa muda wa siku 10 hivi. Kutoka Khartoum ilichukuliwa na eropleni ya majini iitwayo Calcutta, yenye tumbo kama la mashua, mitambo mitatu, na nafasi ya abiria 15.

Kwa nini walichagua maji? Kwanza, kiwanja cha nchi kavu kilitaka miti ing'olewe na vichuguu vibomolewe. Na mvua ya masika ikinyesha, udongo ulinasa magurudumu. Pili, ziwa letu liko yapata futi 3,700 juu ya bahari. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, na chombo kizito hutaka mbio ndefu kabla ya kuinuka. Ziwani nafasi ni tele.

Hata hivyo maji nayo yalitaka matengenezo. Palitakiwa boya la kufungia eropleni, akiba ya petroli, na mashua ya moto. Mashua hiyo ilitangulia kuzunguka mahali pa kushukia, ikitazama magogo na mafunjo yaeleayo, na kuwaonya wenye mitumbwi. Eropleni ikiisha kutua, mashua iliwaleta abiria pwani. Tena ilikuwa tayari kama hatari ingetokea.

Fahari ya Mwanza haikudumu. Tarehe 20 Januari 1932 safari ilipelekwa mbele hata Cape Town, na eropleni za nchi kavu zikatoka Kisumu kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya. Mwanza ikaachwa kando. Mwaka 1937 zikaja eropleni za majini zilizo kubwa zaidi, zenye mitambo minne, zikipita Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi mpaka Durban. Italia ilipoingia vitani mwaka 1940, Kisumu ikawa kituo cha njia iliyozunguka kutoka Durban hata Australia. Lakini vita viliacha viwanja vingi vya nchi kavu, na mwaka 1950 safari za eropleni za majini baina ya Uingereza na Afrika ya Kusini zilikoma.

Je, habari hizi zatufaa nini? Tarehe 6 Novemba 2022 eropleni iliyokuwa ikienda Bukoba, penye kiwanja cha lami kando ya ziwa, ilianguka majini katika hali mbaya ya hewa. Ilichukua watu 43, na 19 wakafa. Waliotangulia kuwafikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao.

Wazee wa safari za angani walijua kwamba mashua ni sehemu ya kiwanja, sawasawa na petroli. Tulipopata lami, ilikuwa rahisi kusahau kwamba maji yangali karibu. Basi tukisikia kwamba kiwanja chajengwa au chapanuliwa katika pwani zetu, tusiulize urefu wa njia peke yake. Tuulize pia iko wapi mashua, na ni nani aliyewekwa kuingoja.