Gorila Mwenye Rungu la Ustaarabu

Hebu litafute bango hili mtandaoni. Gorila mkubwa ametoka baharini na kukanyaga ufuo wa Marekani, meno nje. Mkono mmoja umembeba mwanamke aliyeraruliwa nguo, mwingine umeshika rungu. Nyuma yake, ng'ambo ya maji, mji umebaki magofu. Kichwani ana kofia ya jeshi la Ujerumani, ile yenye ncha, na puani masharubu yaliyopinda kwenda juu. Mwaka 1917 hakuna aliyehitaji kuambiwa masharubu hayo ni ya nani. Yalikuwa ya Kaiser Wilhelm wa Pili.

Mchoraji, Harry Hopps, aliandika neno moja tu kwenye rungu: Kultur. Ni neno la Kijerumani lenye maana ya utamaduni na ustaarabu, na wasomi wa Ujerumani walijivunia nalo sana. Hopps akalifanya silaha ya mnyama. Yaani, huu ndio ustaarabu wenu?

Na bango halikutunga kila kitu. Tarehe 25 Agosti 1914, wanajeshi wa Kaiser walianza kuuteketeza mji wa Louvain, Ubelgiji. Waliua raia zaidi ya 200. Maktaba ya chuo kikuu iliungua pamoja na miswada ya karne nyingi. Mwezi uliofuata mizinga yao ikapiga kanisa kuu la Reims, Ufaransa. Wachoraji wa upande wa pili walipewa ukweli mkononi, wakaupaka rangi.

Lakini mtazame tena yule mnyama. Gorila anatoka Afrika. Kwa miaka mingi Wazungu walikuwa wakimchora Mwafrika kama nyani ili kuhalalisha kumtawala. Sasa walipotaka kusema Kaiser si mtu tena, walimvua Uzungu wakamvika sura waliyokuwa wametuchorea sisi. Hata tusi la Mzungu kwa Mzungu lilipitia kwetu.

Sasa rudi pwani ya Kenya, Agosti hiyohiyo ya 1914. Wagiriama walikuwa wamegoma kutoa vijana wao wafanyie Waingereza kazi, na Mekatilili wa Menza alikuwa amewaapisha watu wasikubali. Jibu la serikali? Waliilipua Kaya Fungo kwa baruti. Kaya si msitu tu. Ndipo wazee walipokutana, viapo vilipoliwa, na historia ya watu ilipotunzwa bila karatasi. Kwa Mgiriama, hiyo ndiyo ilikuwa maktaba.

Vita vilipoisha, mkataba wa Versailles uliilazimisha Ujerumani iipe Louvain vitabu na miswada badala ya vilivyoungua. Wagiriama je? Wao ndio walitozwa faini, na wakatakiwa watoe vijana wa kubeba mizigo kwenye vita vya kumpiga yule yule mharibifu wa ustaarabu.

Mwaka 2008, kaya za Mijikenda ziliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa hiyo thamani yake ilikuja kuonekana, miaka 94 baada ya baruti. Bango la Hopps limehifadhiwa vizuri, linasambaa hadi leo. La Kaya Fungo sijawahi kuliona. Mwenye kalamu hakuwa na sababu ya kujichora akiwa na rungu.