Makundi ya wapiganaji wa Khalistan

Makundi ya wapiganaji wa Khalistan ni vikosi vya Masingasinga, wafuasi wa dini ya Sikh, vilivyoshika silaha tangu mwisho wa miaka ya 1970 hadi katikati ya miaka ya 1990, vikidai dola huru katika jimbo la Punjab, kaskazini mwa India. Masingasinga ndio Makalasinga wa Kenya, ambao wengi wa wazee wao walitoka Punjab hiyohiyo, baadhi wakija kujenga reli iliyofika Kisumu mwaka 1901. Hata huko Punjab, wengi hawakujiunga na makundi hayo, na raia wengi yaliowaua walikuwa Masingasinga wenzao.

Babbar Khalsa, kundi kongwe, liliibuka baada ya makabiliano ya Amritsar ya 13 Aprili 1978, ambapo Masingasinga 13 waliuawa wakikabiliana na wafuasi wa madhehebu ya Nirankari. Mambo yaliharibika Juni 1984, jeshi la India lilipovamia Hekalu la Dhahabu, mahali patakatifu pa Masingasinga mjini Amritsar, na kumuua mhubiri Jarnail Singh Bhindranwale, aliyejihami humo na watu wake. Tarehe 31 Oktoba walinzi wawili Masingasinga walimpiga risasi na kumuua Waziri Mkuu Indira Gandhi. Magenge yakalipiza kisasi kwa kuua maelfu ya Masingasinga, wengi wao mjini Delhi. Baada ya hapo makundi hayakupata taabu kuandikisha vijana.

Khalistan ilitangazwa 29 Aprili 1986, na Khalistan Commando Force likajiita jeshi lake. Jeshi lenye amri moja, hata hivyo, halikuwahi kuwepo. Khalistan Liberation Force, Bhindranwale Tiger Force na mengineyo yalikuwa na makamanda wao, na mara nyingi kamanda akiuawa kundi lilimeguka. Fedha zilitoka kwa wafuasi wa ng'ambo, kwa kutoza watu kwa vitisho, na kwa wizi: Februari 1987 watu wa Commando Force waliovaa sare za polisi waliingia benki moja mjini Ludhiana, wakaondoka na zaidi ya rupia milioni 50.

Shambulio baya kuliko yote lilipangwa Kanada. Tarehe 23 Juni 1985 bomu lililofichwa kwenye mzigo liliangusha ndege ya Air India, safari namba 182, karibu na pwani ya Ireland, na watu wote 329 wakafa. Uchunguzi ulimtaja Talwinder Singh Parmar wa Babbar Khalsa kuwa kinara, lakini aliuawa Punjab mwaka 1992 bila kushtakiwa kwa vifo hivyo. Aliyetiwa hatiani ni mmoja tu, Inderjit Singh Reyat.

Polisi wa Punjab waliyavunja makundi hayo kufikia 1993, kwa mbinu zilizohusisha utekaji na mauaji nje ya sheria. Hata hivyo, Agosti 1995 bomu la Babbar Khalsa lilimuua Waziri Kiongozi wa jimbo, Beant Singh. Wiki moja baadaye mtetezi wa haki za binadamu Jaswant Singh Khalra, aliyefichua kwamba polisi walikuwa wakichoma maiti za waliouawa kwa siri, alitekwa, kisha akauawa. Maofisa wa polisi walihukumiwa baadaye kwa mauaji yake.