Kichomi na Dawa Zake Handeni na Korogwe

Reli ya Tanga ilipofika Korogwe mwaka 1902, na mashamba ya mkonge yakaanza kuifuata, kichomi, ambacho matabibu hukiita nimonia, kilikuwa maradhi yasiyo na dawa ya hakika, na mgonjwa, awe Mzigua wa Handeni au manamba aliyeletwa kutoka mbali, alikandwa kifua, akanyweshwa mizizi, akangojea majaaliwa ya Mwenyezi Mungu.

Vidonge vya salfa vilivyotoka Uingereza mwaka 1938 vilileta faraja ya kwanza. Penisilini, iliyoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, ilivishinda kwa nguvu, ila ilikuwa na sharti zito, maana figo huitoa mwilini upesi, na hata ile ya prokeini, iliyodumu siku nzima, ilihitaji mtu wa kuchoma sindano kila siku, jambo jepesi kwa aliyelazwa hospitali lakini muhali kwa mtoto wa kijijini Kwamsisi. Sindano hata hivyo ilipendwa, kwa kuwa miaka ya 1920 watu walikuwa wameona buba ikitoweka kwayo; na mapenzi hayo, nadhani, yameishi kuliko buba yenyewe.

Hoja ikawa si tena dawa ipi kali, bali ipi ifikayo kijijini. Watafiti Mtango na Neuvians, katika taarifa yao ya mwaka 1986, walieleza jinsi wahudumu wa vijiji wa Bagamoyo walivyopewa vidonge vya ko-trimoksazoli, na katika muda wa miaka 2 vifo vya watoto wa chini ya miaka 5 vikapungua kwa zaidi ya robo. Eksirei haikuhitajika: mganga wa zahanati humfunua mtoto kifua akiwa ametulia, akahesabu pumzi dakika nzima, na zikifika 50 kwa aliyetimiza miezi 2 lakini hajatimiza mwaka, au 40 kwa aliyeutimiza, humpa dawa.

Vijidudu navyo vikaizoea ko-trimoksazoli, hata mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani likaitanguliza amoksisilini ya kumeza, ijapokuwa kifua kinabonyea, na sindano za ampisilini au penisilini pamoja na jentamisini zikabaki kwa mwenye dalili za hatari. Mama hukiyeyusha kidonge katika kijiko cha maji, asubuhi na jioni. Taabu huanza siku ya tatu, mtoto akishaanza kucheza, na vidonge vilivyosalia vikawekwa akiba kwa ajili ya mdogo wake.