Kibarua, manamba na mpagazi

Kibarua, manamba na mpagazi ni majina ya zamani ya wafanyakazi wa mikono katika Afrika Mashariki. Bado yamo vinywani mwa watu, lakini kamusi nyingi huyaeleza kwa maneno mawili matatu na kuyapita. Hayo hayatoshi, maana ndani ya kila jina umo mkataba mzima: mtu alipatikanaje, alihesabiwaje, alilipwaje.

Kwa asili kibarua si mtu, ni barua ndogo. Katika mji wa Unguja wa karne ya 19, watumwa wengi walikodishwa na mabwana zao kwa kazi za kutwa, kama vile kubeba mawe ya ujenzi au kusafisha sandarusi. Aliyeingia kazini alipewa kikaratasi; jioni alikirudisha, ndipo akahesabiwa ujira wake, na sehemu ya ujira huo ilikuwa ya bwana. Karatasi ikampa jina aliyeishika. Hadhi ya kisheria ya utumwa ilifutwa Unguja na Pemba mwaka 1897, ila jina halikufutwa. Lilihamia kwa mtu huru anayelipwa kwa siku, kisha likaifikia kazi yenyewe, hata leo aliyefukuzwa husemwa kibarua chake kimeota nyasi.

Manamba limetokana na namba. Ndivyo walivyoitwa watu walioandikishwa kwa mkataba kwenda mashamba ya mkonge ya Tanganyika, zao lililoletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Walitoka mbali: Songea, Iringa, Kigoma, Ruanda-Urundi, Msumbiji. Kila mmoja alikuwa na kipande, yaani kadi yenye nafasi 30. Akimaliza kukata matita ya majani aliyopangiwa, nafasi moja ilitiwa alama. Asipomaliza, kwa homa au kwa miiba iliyomchoma, siku hiyo haikuhesabiwa, na mshahara ulingoja mpaka nafasi zote 30 zijae. Kwa hiyo mwezi wa manamba haukuwa mwezi wa kalenda, na kwa kuwa alitambuliwa kwa namba, jina alilopewa na mamaye halikuwa na kazi shambani. Huko Nairobi neno hilo sasa ni la mpiga debe wa matatu, naye pengine hajui limetoka wapi.

Msimamizi wa manamba shambani aliitwa nyapara. Hilo nalo lilitoka katika misafara ya bara, ambako mnyampara alikuwa kiongozi wa kundi la wapagazi. Mpagazi hutokana na kupagaa, kuchukua mzigo begani, kitenzi kilekile kinachotupa kupagawa, kana kwamba pepo naye ni mzigo uliomkalia mtu. Wapagazi waliosifika zaidi walikuwa Wanyamwezi, waliosafiri kati ya Tabora na Bagamoyo na mzigo wa kilo 30 hivi kila mtu, achilia mbali chakula na mkeka wake.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na misafara mikubwa ikakosa kazi. Lakini mwaka huohuo wa 1914 vita vilizuka, na jeshi la Uingereza likakusanya wapagazi kwa maelfu katika kikosi cha wachukuzi. Waliokufa kwa maradhi na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Jina la Kiingereza la kikosi hicho, Carrier Corps, likatamkwa Kariakoo, na kambi yao ya Dar es Salaam ikawa mtaa na soko. Huko magunia yangali yanapita juu ya mabega ya watu.