Kazi Iliyokoma Yenyewe

Tukisimulia habari za kukamatwa kwa Ngũgĩ wa Thiong'o, huwa tunaanza na mchezo wa Kamĩrĩthũ, tunapitia Gereza la Kamiti, kisha tunaruka hadi uhamishoni. Katikati hapo kuna swali ambalo wapenzi wa fasihi hatuliulizi sana: ile kazi yake ya chuo kikuu ilikwenda wapi?

Maana huyu hakuwa kibarua wa msimu. Alianza kufundisha Nairobi mwaka 1967. Mwaka uliofuata yeye, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Mwaka 1969 alijiuzulu kwa hiari yake, kulalamikia uhuru wa kitaaluma kukanyagwa. Akarudi 1971, na 1973 akawa Mwafrika wa kwanza kuongoza Idara ya Fasihi. Kufikia 1977 alikuwa profesa mshiriki, mwajiriwa wa kudumu wa chuo cha umma, na yamkini alitarajia kustaafu hapo hapo.

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Desemba 1977 polisi walimchukua kwake Limuru. Alikaa kizuizini hadi tarehe 12 Desemba 1978 bila kushtakiwa mahakamani. Alipotoka alitaka kitu kimoja cha kawaida kabisa: kurudi darasani. Hakurudishwa.

Sasa tazama ilivyofanyika. Kumfuta kazi mhadhiri kuna taratibu zake: lazima kuwe na kosa, kuwe na kikao, naye apewe nafasi ya kujitetea. Njia hiyo haikufuatwa. Msimamo wa chuo ulikuwa kwamba alipotiwa kizuizini na serikali, ajira ilikoma papo hapo. Yaani kazi ilikufa yenyewe, na marehemu hana muuaji! Ukitaka kukata rufaa, utaikata kwa nani? Chansela wa chuo, kwa sheria ya wakati huo, alikuwa Rais wa Jamhuri. Amri ya kumzuia Ngũgĩ ilitiwa sahihi na Daniel arap Moi akiwa Makamu wa Rais na Waziri wa Mambo ya Ndani. Kenyatta alipofariki Agosti 1978, Moi akawa rais, na kwa hivyo akawa chansela.

Kesi ya kulinganisha iko Marekani, nchi ambayo Ngũgĩ alikuja kufundisha kwa miaka mingi. Kule walimu wa vyuo walikubaliana na wakuu wa vyuo, katika tamko la mwaka 1940, kwamba mhadhiri apimwe kwa muda usiozidi miaka 7. Akipita, haondolewi ila kwa sababu nzito na baada ya kusikilizwa, au chuo kikiishiwa fedha kweli kweli. Katika vyuo vya umma jambo linakwenda mbali zaidi, kwa sababu mwajiri ni serikali, na serikali inabanwa na katiba. Robert Sindermann alikuwa akifundisha katika chuo kidogo cha umma huko Odessa, Texas. Aliipinga hadharani bodi ya chuo, na mwaka 1969 mkataba wake haukufanywa upya, wala hakuitwa kujieleza. Chuo hicho hakikuwa hata na utaratibu rasmi wa ajira ya kudumu. Lakini kijitabu chake cha kanuni kiliwaambia walimu wajihesabu kuwa wa kudumu maadamu kazi yao inaridhisha. Mwaka 1972 Mahakama Kuu ya nchi ile iliamua kwamba ahadi kama hiyo, ikithibitishwa, ni mali ya mtu, na mali hainyang'anywi mtu kabla hajasikilizwa. Haikusema arudishwe kazini. Ilisema asikilizwe tu. Siku hiyo hiyo David Roth wa Wisconsin, aliyekuwa na mkataba wa mwaka mmoja na hana ahadi yoyote, alishindwa. Kwa hiyo tusiipambe Marekani kupita kiasi.

Nairobi waliodai Ngũgĩ asikilizwe walikuwa wahadhiri wenzake, kupitia chama chao. Mwaka 1980 Moi akakipiga marufuku chama chenyewe. Kilikuja kusajiliwa tena mwaka 2003, mwaka ule ule Kibaki alipoacha kiti cha chansela.

Baada ya marufuku hiyo, mlango ulikuwa wazi. Mwaka 1982 wahadhiri kadhaa walizoa kizuizi kwa mpigo. Mmoja wao alikuwa Alamin Mazrui wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Kenyatta, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki. Ukisoma Chembe cha Moyo, diwani yake ya 1988, unasoma mashairi ambayo baadhi yake yalitungwa akiwa ndani. Mimi huwa nayasoma pia kama maneno ya mwalimu aliyeondolewa mbele ya wanafunzi wake. Baadaye alifundisha Ohio State na Rutgers, vyuo vya umma vyote viwili, ila vya watu wengine.

Ngũgĩ naye, kuanzia 2002, alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha California, Irvine. Nacho ni cha umma.