Vijisanamu vya Tanagra: kaburi la nani?

Sisi waandishi wa habari tunafundishwa kuuliza nani, lini, wapi. Ndiyo maana vijisanamu vya Tanagra vinanikera kidogo, pamoja na uzuri wake wote.

Vingi ni vya wanawake waliojitanda nguo, vya udongo wa kuchoma, virefu kama shubiri moja. Wagiriki wa Boeotia walianza kuvitengeneza kwa kalibu mwishoni mwa karne ya 4 KK. Walitoboa tundu mgongoni visipasuke tanurini, wakavipaka rangi nyeupe, kisha waridi na buluu. Vingi waliwazikia wafu wao.

Waliviweka kwa nini? Jibu lilikuwa kaburini. Lakini miaka ya 1870 wezi walifukua maelfu ya makaburi ya Tanagra. Matajiri wa Ulaya wakavigombania, hadi wajanja wakaanza kuuza vya bandia. Kilipotolewa kijisanamu, nani aliandika kama aliyelala pale ni bibi au mtoto?

Penye kumbukumbu, udongo unaongea. Katika makaburi ya watoto wa Kigiriki vimekutwa vidoli vyenye mikono na miguu inayochezeshwa. Binti wa Kigiriki alipokaribia kuolewa, alimtolea mungu Artemi vitu vyake vya kuchezea. Aliyekufa mapema hakuifikia siku hiyo, basi kidoli akabaki nacho.

Ukivikuta Louvre, vifurahie, ni vizuri kweli. Ila ujue kila kimoja kilichoibwa kaburini kilikuwa na mwenyewe, na huyo ndiye tuliyempoteza.