Kufunga gati

Kufunga gati ni kukileta chombo ubavuni mwa gati na kukifunga kwa kamba hadi kitulie. Kazi hii hufanywa na mabaharia walio sitahani na wapokea kamba walio nchi kavu, wote wakifuata amri ya nahodha. Meli kubwa huongezewa rubani wa bandari, anayeijua mikondo na vina vya mahali hapo, pamoja na boti za kuvuta na kusukuma. Rubani akipanda, dhamana ya chombo hubaki kwa nahodha.

Kamba za omo na za tezi hukizuia chombo kisiachane na gati. Za mshazari, moja ikitoka omoni kurudi nyuma na nyingine ikitoka tezi kwenda mbele, hukizuia kisisogee kwa urefu. Boti ndogo yenye watu wachache hufaa ianze na kamba moja itokayo karibu na katikati na kuelekea nyuma. Ikishashikwa, nahodha hutia injini mbele polepole na kugeuza usukani, na boti hujibana gatini yenyewe huku kamba nyingine zikipelekwa bila haraka.

Kinachoharibu zaidi ni bidii ya mpokeaji. Anarushiwa kamba ya omo, naye anaivuta kwa nguvu zake zote akidhani anasaidia; omo inaingia, tezi inatoka nje, upepo unaikamata. Mtu aliye gatini anaiona kamba yake tu. Kwa hiyo kazi yake ni kutia kitanzi kwenye nguzo na kungoja, na kukaza au kulegeza kuachiwe mabaharia wa sitahani, walio karibu na sauti ya nahodha. Mpita njia aliyejitolea aambiwe hivyo kabla ya kamba kumfikia, maana baadaye kelele za injini hazimruhusu kusikia. Chombo husimamishwa kwa injini. Baharia anayeruka pengo au kuuweka mguu kati ya ubavu na gati ili kupunguza mwendo anajitafutia ulemavu.

Nahodha naye ana wajibu wa kueleza mapema: watafunga upande gani, kamba ipi itangulie, nani akae wapi. Upande hauchaguliwi ovyo. Rafadha inayozunguka kwa kulia, ikirudishwa nyuma, kwa kawaida huisukuma tezi kushoto. Ndiyo maana manahodha wengi wa boti za injini moja hupenda kulaza ubavu wa kushoto, upepo na mkondo vikiruhusu.

Katika pwani ya Afrika Mashariki, kufunga hakuishi kamba inapokazwa. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Kamba iliyokazwa maji yakiwa yamejaa hubeba uzito wa chombo yanapopwa, kisha hukatika au hung'oa kilichofungiwa. Lazima abaki mtu wa kulegeza. Majahazi yanapolala ubavu kwa ubavu, tairi kuukuu zikiwa katikati, ni vyema jahazi la nje lipeleke kamba zake hadi nchi kavu lisimwelemee jirani. Vivuko vya Likoni, Mombasa, vina utaratibu tofauti: huteremsha mlango kwenye mteremko wa zege na injini huendelea kukishikilia chombo abiria wakishuka.

Hatari kubwa iko kwenye kamba iliyobeba nguvu. Nailoni hurefuka sana kabla ya kukatika, kisha kipande chake hurudi kwa kasi inayoweza kuua, wala si lazima kifuate mstari ulionyooka. Mabaharia hufundishwa kutosimama mahali kipande hicho kinapoweza kupita na kutotia mguu ndani ya duara la kamba. Marekebisho ya mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, SOLAS, yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2024, yanataka kamba na vifaa vya kufungia vikaguliwe na kutunzwa hata katika meli za zamani. Ile kamba nyembamba inayorushwa kwanza ili kuvutia nene nayo ina miiko: wapo wanaoficha nati au kipande cha risasi ndani ya fundo lake ili iruke mbali, na anayeipokea kwa kichwa ni yule wa gatini.